Chungu cha Wote Hakipikwi kwa Mabovu

Siku moja bibi mmoja wa kijiji chetu alifika kwenye jiko la shule na nusu debe ya mahindi kichwani. Alitua mzigo, akapumua, akasema, "Wanangu, huu ndio mchango wa wajukuu zangu."

Tulifungua mfuko. Punje nyingi zilikuwa na ukungu wa kijani. Harufu yake ilikuwa kama ya udongo uliolowa. Tulitazamana. Hakuna aliyesema neno. Tulipokea, tukashukuru, na bibi akaenda zake.

Jioni ndipo tulipoanza kuulizana. Tuyasage? Watoto 200 watayala. Tuyarudishe? Tutamwaibisha mtu mzima aliyetembea na mzigo kichwani. Mmoja wetu akasema, "Tuyachanganye na yale mazuri. Kidogo hakidhuru." Hakusema hivyo kwa ubaya. Wengi wetu tulikuwa tumewaza vivyo hivyo.

Sisi ni kamati ya jiko la shule katika kijiji kimoja cha Usukumani, kusini ya Ziwa Viktoria. Tuko saba. Watano kati yetu tulijifunza kusoma na kuandika ukubwani, kama wewe. Leo tunataka kukueleza namna ya kupika chakula cha wengi kwa mavuno yanayochangwa na wananchi. Kazi hii ina mambo manne: kupokea, kupika, kuhifadhi na kuandika. Tulidhani kazi ni kupika tu. Kumbe kupika ndiko kurahisi.

JIKO LETU LILIVYOANZA

Zamani watoto wetu walirudi nyumbani saa sita mchana kutafuta chakula. Wanaokaa karibu walirudi shule. Wanaokaa mbali hawakurudi. Wengine walibaki darasani na njaa, wakasinzia mezani. Mtoto mwenye njaa hasikii anachofundishwa, hata mwalimu awe hodari namna gani.

Basi katika mkutano wa wazazi tulikubaliana. Kila mzazi atachanga sehemu ya mavuno yake. Mwenye mahindi alete mahindi. Mwenye choroko alete choroko. Mwenye viazi alete viazi. Tulikubaliana pia kwamba hakuna mtoto atakayefukuzwa kwenye chakula kwa sababu mzazi wake hakuleta kitu. Mtoto hakuchagua mzazi.

Mwaka wa kwanza tulipata vitu vingi, na tulipata hasara nyingi. Mwezi wa Mei viazi vitamu vilimiminika. Watu waliviletea kwa baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe. Tukavirundika stoo mpaka dirishani, tukafurahi. Mwanzoni mwa Juni shule ikafungwa kwa likizo. Na sisi tukafunga mlango wa stoo.

Shule ilipofunguliwa, harufu ilitupokea njiani. Zaidi ya nusu ya viazi vilikuwa vimeoza. Na ilipofika Novemba, mahindi yalikwisha. Watoto wakaanza tena kurudi nyumbani saa sita. Wazazi wakatuuliza, "Mchango wetu umekwenda wapi?" Hatukuwa na jibu, maana hatukuwa na daftari.

JAMBO LA KWANZA: KUPOKEA

Turudi kwa mahindi ya bibi. Ukungu ule una hatari gani?

Baadhi ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, na haina ladha ya kukuonya. Moto wa jikoni hauiondoi. Ukipika ugali, sumu imo. Ukipika uji, sumu imo. Ukitengeneza pombe, bado imo. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi, ini lake huharibika. Hutapika, tumbo huvimba, macho huwa ya njano, na anaweza kufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, anaweza kupata saratani ya ini.

Haya si maneno ya kutisha watu bure. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa baada ya kula mahindi yenye sumu hii.

Sasa fikiri juu ya chungu cha wote. Nyumbani, mahindi mabovu yanaidhuru nyumba moja. Shuleni, nusu debe ya mahindi mabovu ikisagwa pamoja na magunia mazuri, inaingia katika sahani 200. Kwa hiyo ule usemi wa "kidogo hakidhuru" hauna kweli. Kuchanganya hakuondoi sumu. Kunaigawa tu.

Hivi ndivyo tunavyopokea siku hizi:

Kwanza, tunamwaga mahindi au karanga juu ya turubai safi, mbele ya aliyeleta. Tunachambua kwa mkono. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizotobolewa na wadudu tunaziondoa. Ukiona ukungu umeenea kote, usichambue. Kataa mzigo wote.

Pili, tunapima ukavu kwa chupa na chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa vizuri, kisha acha kwa dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Yarudishwe juani. Chumvi ikishuka yote chini, mahindi ni makavu, yanaweza kuwekwa stoo.

Tatu, yaliyooza hatuwapi kuku wala ng'ombe. Sumukuvu humfikia mtu tena kwa njia ya maziwa na mayai. Tunachimba shimo, tunafukia.

Nne, muhogo mchungu hatuupokei ukiwa mbichi. Tunapokea udaga tu, yaani muhogo uliolowekwa siku kadhaa mpaka ukalainika, kisha ukakaushwa. Muhogo mchungu una sumu yake mwenyewe, nayo huondoka kwa kulowekwa vizuri na kukaushwa. Wakati wa njaa watu huharakisha. Badala ya kuloweka siku tatu au nne, wanaloweka moja. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, watu zaidi ya 30 walipata ugonjwa wa miguu kukakamaa kwa sababu ya kula muhogo ambao haukutengenezwa ipasavyo. Ugonjwa huo huitwa konzo. Miguu ikisha kukakamaa, haiponi.

Je, utamwambiaje jirani yako kwamba mchango wake haufai? Hili lilitusumbua kuliko yote. Mwishowe tuliweka utaratibu mmoja kwa watu wote. Mahindi ya mwenyekiti yanamwagwa juu ya turubai. Mahindi ya mwalimu yanamwagwa. Mahindi ya mwanakamati yanamwagwa. Hapo hakuna anayesema ameonewa, maana turubai halijui cheo.

Na bibi wetu? Tulikwenda kwake watatu, jioni, bila mahindi mkononi. Alitukaribisha, akatupa vigoda. Tulipomweleza, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mbona hayo ndiyo tunayokula hapa?"

Jamani, hapo ndipo tulipoona aibu sisi. Tulikuwa tumewaza kwamba bibi alituletea mabovu na kujiwekea mazuri. Kumbe alitugawia kile alichonacho. Mahindi yake yalikuwa yamelazwa chini, kwenye udongo, pembeni ya ukuta unaovuja mvua. Siku ile ile tuliyatoa yote nje. Mabovu tulifukia, na mazuri tulianika. Yalibaki kidogo. Kesho yake vijana walimjengea kichanja cha kuwekea magunia, kiasi cha kimo cha goti kutoka ardhini, mbali kidogo na ukuta. Kamati ikampimia debe mbili kutoka stoo, na wazazi walipoelezwa mkutanoni walikubali.

Tangu hapo tuna kanuni nyingine. Asiye na mahindi si lazima alete mahindi. Anaweza kuleta kuni, maji, mboga za majani, au siku moja ya kazi jikoni. Yote yanaandikwa kuwa mchango. Utaona baadaye bibi alileta nini.

JAMBO LA PILI: KUPIKA KWA MSIMU

Mpishi wa nyumbani huuliza, "Leo nipike nini?" Mpishi wa jiko la mchango huuliza, "Leo tumeletewa nini, na kipi kitaharibika kwanza?" Kinachoharibika haraka kipikwe kwanza. Kinachokaa kisubiri.

Huku kwetu msimu huenda hivi, ingawa mvua za siku hizi hubadilika:

Januari na Februari ni miezi ya mboga za majani: majani ya kunde, mchicha, mlenda, majani ya maboga. Lakini ghala huwa tupu.

Machi na Aprili kuna mahindi mabichi, maboga na kunde.

Mei mpaka Julai ni wakati wa kushiba. Kuna mahindi makavu, choroko, karanga, mpunga na viazi vitamu.

Agosti mpaka Oktoba ni kiangazi. Kuna udaga, dagaa, dengu na vyakula vilivyokaushwa.

Novemba na Desemba maembe yanaiva, na watu wanalima wakisubiri mvua iwatendee wema.

Sasa vipimo. Kwa mtoto mmoja tunapima gramu 120 za unga na gramu 40 za choroko. Kwa watoto 200, hiyo ni kilo 24 za unga na kilo 8 za choroko kwa siku. Tunaongeza lita moja ya mafuta, au karanga zilizotwangwa, na mafungu ya mboga za majani.

Choroko ni rafiki wa jiko la wengi. Haihitaji kulowekwa usiku kucha, na inaiva upesi kuliko maharage, kwa hiyo inaokoa kuni. Ukipata maharage, yaloweke usiku, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa nguvu mpaka yaive kabisa. Maharage mekundu yaliyoiva nusu huumiza tumbo na kutapisha. Usitie magadi mengi ili yalainike haraka, maana magadi hupunguza vitamini.

Mboga za majani zioshe kabla ya kukatakata, siyo baada. Ukiosha baada ya kukata, vitamini nyingine zinakwenda na maji. Zitie mwishoni, wakati choroko imekwisha kuiva. Zipike muda mfupi, zikiwa bado na rangi ya kijani. Tia karanga zilizotwangwa au mafuta kidogo. Mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika majani, maboga na viazi lishe. Viazi lishe ni vile vyenye nyama ya rangi ya karoti. Vitamini A hulinda macho ya mtoto na humsaidia kupambana na maradhi.

Maembe usiyapike. Yaoshe, mpe mtoto ale baada ya chakula. Embe humsaidia kupata damu, kwa sababu vitamini C iliyomo huufanya mwili upokee vizuri madini ya chuma yaliyo katika choroko na majani.

Siku ya viazi tunapika kilo 50, yaani robo kilo kwa kila mtoto. Tunavichemsha na maganda baada ya kuviosha vizuri, tunavila pamoja na choroko yenye karanga. Siku hiyo hatusongi ugali.

Hapa tunakuomba usome polepole, kwa maana hapa ndipo penye siri ya jiko zima.

Siku moja ya viazi inaokoa kilo 24 za unga. Tukipika viazi siku 20 katika mwezi wa Mei na wa Julai, tunaokoa kilo 480. Hayo ni karibu magunia matano ya kilo 100. Na kilo 480 ukizigawa kwa 24, unapata siku 20. Maana yake ni kwamba kila siku ya viazi mwezi wa Mei ni siku ya ugali mwezi wa Novemba.

Mwaka ule wa kwanza tulifanya kinyume. Tulisonga ugali wakati viazi vinaoza, kwa sababu watu wamezoea kusema asiyekula ugali hajala. Tulikula akiba tukaacha vya kuoza. Halafu tukailaumu mvua.

JAMBO LA TATU: KUHIFADHI

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuona stoo yetu! Akiba haiozi ikiwa imekaushwa.

Sasa tuseme bibi alileta nini. Mwaka uliofuata, viazi vilipomiminika tena, alikuja bila mzigo. Alikuja na kisu. Akaketi chini ya mwembe, akasema, "Leteni viazi." Akatufundisha kutengeneza michembe na matobolwa. Wengine wetu tuliwahi kuviona kwa mama zetu, lakini tuliviacha, tukadhani ni vyakula vya zamani.

Michembe hutengenezwa hivi. Chagua viazi vizima visivyooza. Osha, menya, kata vipande vyembamba vinavyolingana. Anika juu ya mwamba uliooshwa, au juu ya kichanja au mkeka safi. Geuza mara kwa mara. Jioni ingiza ndani, umande usivilowanishe. Baada ya siku kadhaa za jua, chukua kipande ukivunje. Kikikatika kwa mlio, kimekauka. Kikipinda, bado.

Matobolwa hutofautiana kwa jambo moja. Viazi huchemshwa kwanza, humenywa, kisha hukatwa na kuanikwa. Ni vitamu, na watoto huvipenda hata bila kupikwa tena.

Viazi lishe usivianike kwenye jua kali kutwa nzima. Vianike kivulini penye upepo, maana jua hula vitamini A. Na usivikalishe mno, kwa sababu kila mwezi unaopita vinapungukiwa. Tumia hivyo kwanza.

Kilo nne hivi za viazi vibichi zinatoa kilo moja ya michembe. Mzigo unapungua, chakula kinabaki. Michembe huchemshwa, ikatiwa karanga zilizotwangwa. Mezani haina haya mbele ya ugali.

Majani ya kunde nayo yanakaushwa. Yaoshe, yatumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, yatoe, yachuje, yaanike kivulini. Jirani zetu wa Tabora huyaita nsansa. Kiangazi, wakati bustani ni vumbi tupu, tunayaloweka na kuyapika na karanga.

Viazi vinavyosubiri kupikwa visirundikwe. Vitandaze mahali pakavu penye hewa. Vilivyokatwa na jembe vipikwe siku ile ile. Vilivyooza usimpe ng'ombe, kwa sababu vinaweza kumdhuru mapafu. Na stoo ifunguliwe na kukaguliwa mara mbili kwa wiki, hata wakati wa likizo. Sisi tumepeana zamu.

Mahindi yakaushwe, yapigwe chupa ya chumvi, yatiwe katika mifuko safi, yapangwe juu ya kichanja. Ukiweza kupata mifuko isiyopitisha hewa, ni bora zaidi. Wadudu waliomo ndani hufa kwa kukosa hewa, na huhitaji kutia dawa. Lakini mfuko huo haukaushi mahindi. Ukitia mabichi, utafungua ukute ukungu.

JAMBO LA NNE: KUANDIKA

Ndugu msomaji, hapa ndipo elimu yetu ilipopata kazi.

Tuna daftari moja la mistari. Tumelichora safu tano: tarehe, jina, kitu kilicholetwa, kilo, na sahihi. Kila mzigo unapimwa kwa mzani mbele ya mwenyewe. Asiyejua kusoma anasomewa, kisha anaweka dole gumba. Upande wa pili tunaandika kilichotoka: siku, idadi ya watoto waliokula, kilo za unga, kilo za choroko. Kila Ijumaa tunajumlisha. Kilichoingia toa kilichotoka, kinachobaki lazima kilingane na kilicho stoo. Kisipolingana, tunaulizana siku hiyo hiyo, kabla maneno hayajafika kwenye njia ya kisimani.

Daftari ndilo lililotufundisha kiasi cha kuomba. Mwaka wa shule una siku 190 hivi za masomo. Gramu 120 mara siku 190 ni karibu kilo 23. Debe moja la mahindi ni kilo 18 hadi 20. Basi tukapanga debe moja na nusu kwa kila mtoto, ili kufidia yanayopotea katika kuchambua na kusaga, na kuwasaidia watoto ambao wazazi wao hawana. Choroko ni kilo 8. Zamani tulisema tu, "Leteni mnachoweza," na wengine waliona tunawaonea. Sasa tunawasomea hesabu mkutanoni. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ni debe moja na nusu tu? Mimi nilidhani mnalisha wilaya nzima."

Wazee wetu bado wanakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana na kukata shauri la kufanya. Sisi tumefuata njia ile ile. Jambo likitushinda, tunakaa chini ya mwembe, mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, halafu tunabishana mpaka tunaelewana.

USAFI WA JIKO

Tusisahau hili. Mpishi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula na kila atokapo chooni. Mpishi anayeharisha asipike. Maji ya kunywa yachemshwe. Chakula kiliwe kikiwa moto. Kilichobaki kigawiwe siku hiyo hiyo, kisilale mpaka kesho. Jikoni pawe na mahali pa moshi kutokea, kwa sababu macho na vifua vya wapishi ni mali pia.

TULIPO SASA

Hatutaki kukudanganya kwamba mambo yetu yamenyooka. Mwaka jana mvua ilikatika mapema, na mwezi wa Februari tulipika uji badala ya ugali kwa wiki tatu. Bado wako wazazi wanaosema kazi ya kulisha watoto wa shule si yao. Bado turubai linarudisha mizigo, na wengine wanaondoka wamenuna.

Lakini mwezi wa Novemba moshi wa jiko letu bado unaonekana. Na saa sita mchana njia ya kutoka shuleni ni nyeupe, haina mtoto.

Bibi yule sasa ana zamu yake chini ya mwembe kila msimu wa viazi. Katika daftari, kwenye safu ya kitu kilicholetwa, tumemwandikia "mikono na maarifa". Kwenye safu ya kilo hatukuandika kitu. Mwaka huu aliomba kalamu. Ameanza kujifunza kusoma kwa mjukuu wake, akasema dole gumba limemchosha. Akaandika herufi tatu za mwanzo za jina lake, akasema nyingine zitafuata.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, chakula gani huoza kwa wingi wakati wa mavuno? Mngeweza kukikausha kwa njia gani?

2. Jirani akileta mchango wenye ukungu, mtamwambia nini, na mtamsaidia nini?

3. Jaribuni kupima mahindi yenu kwa chupa na chumvi. Mmepata nini?

4. Shule yenu ina watoto wangapi? Zidisha idadi hiyo kwa gramu 120, upate unga wa siku moja. Kisha zidisha kwa siku 190. Je, mavuno ya kijiji yanatosha?

5. Nani ataweka daftari? Na nani atalikagua?